Asitolewe Mtu Darasani

Waraka kwa wanafunzi wa zamani wa shule yetu ya Mapendo

Goma, Agosti 2025





Shule zinakaribia kufunguliwa. Kamati imenituma niwaandikie mapema, kabla hatujaanza kubishana juu ya kitenge cha sikukuu ya umoja wetu, maana kila mwaka ubishi huo hutumalizia majuma mazima na mwishowe wanaoshinda ni wale wale. Safari hii kuna jambo linalotangulia kitenge.

Tangu Februari wadogo wetu wamekuwa wakiitwa kwa majina asubuhi, kwenye mstari, mbele ya bendera, wakiambiwa warudi nyumbani wakalete minervali, yaani ada ya shule. Mnaujua mstari ule. Mnajua jinsi mtoto anavyojikawiza kuchukua mfuko wake ili asiwe wa kwanza kutoka, na jinsi wenzake wanavyotazama chini. Baadhi yao walirudi baada ya siku chache na nusu ya deni mkononi. Baadhi hawajarudi hadi leo, na hao ndio waliosababisha waraka huu uandikwe. Tunachoomba ni kwamba katika mwaka unaoanza asitolewe mtoto hata mmoja darasani kwa ajili ya deni. Na ombi hilo tunalileta kwenu, hatulipeleki kwa prefe, mkuu wa shule.

Najua wengi mngependa tumlaumu prefe. Ni rahisi, yuko karibu, na sisi sote tuna kisa cha zamani naye au na aliyemtangulia. Lakini tuangalie minervali inakwenda wapi. Elimu ya bure iliyotangazwa Septemba 2019 ilikuwa ya shule za msingi. Huku sekondari mzazi bado analipa, hata katika shule zilizo chini ya mkataba wa Kanisa na Serikali, na sehemu kubwa ya anacholipa huishia mfukoni mwa mwalimu. Desturi hiyo tuliirithi toka migomo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Serikali ya Mobutu ilipokuwa haina tena uwezo wa kulipa mishahara, nao wazazi wakakubali kuchanga ili mwaka wa masomo usipotee bure. Ilikusudiwa iwe ya miezi michache. Leo imepita miaka 30, na kuna wazazi waliozaliwa baada ya hapo wanaodhani ndivyo Mungu alivyoumba shule. Katika walimu wetu wamo wanaolipwa na Serikali, na wamo waliofundisha miaka mingi wakingoja majina yao yaingie kwenye orodha ya Kinshasa. Hao wa pili hawana mshahara mwingine isipokuwa kile anacholeta mtoto ndani ya bahasha.

Kisha ikaja Januari. Tarehe 27 Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia mjini. Mabenki yakafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na mwezi wa Februari kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na nyingine, zikavunjwa. Waliokuwa na kazi katika mashirika ya misaada wengi waliipoteza. Mwenye mshahara uliokwama benki alijifunza kuutoa kwa simu na kukatwa asilimia njiani. Mama wa Birere anayeuza mafuta ya mawese kwa kipimo aliendelea kwenda sokoni kama kawaida, lakini wanunuzi wake walikuwa ndio hao hao waliokosa mshahara. Fedha isipozunguka Birere, minervali haifiki shuleni, na isipofika shuleni mwalimu wa hesabu anashinda na njaa. Prefe anapoita majina, nyuma yake kuna mwalimu huyo. Tukimwambia aache kuita bila kuweka kitu mahali pa deni, tunamwomba mwalimu alipie watoto wetu kwa tumbo lake.

Ndiyo sababu barua hii imekuja kwenu.

Kuna atakayesema: mimi nilishalipa minervali yangu zamani, sina deni na shule. Ndugu huyo nampa pole, maana anakumbuka risiti amesahau shule. Tujikumbushe kidogo tulichopewa pale ambacho hakikuandikwa kwenye buletini.

Tulikaa watatu kwenye benchi lililotengenezwa kwa ajili ya wawili. Katika benchi langu mmoja alikuwa wa Masisi, mmoja wa Lubero, nami mzaliwa wa hapa mjini. Kalamu zilikuwa mbili. Mwalimu alipoanza imla ya Kifaransa, mmoja wetu aliandika mstari wake haraka na kumpisha mwenzake kalamu kabla ya nukta, na hadi leo mwandiko wangu una haraka ile. Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, kila mtu alifika na bidoni lake la maji. Huu ni mji uliojengwa juu ya mawe ya volkeno, maji ya mvua yanazama papo hapo, ziwa liko chini na bomba linatoa linapotaka. Kwa hiyo bidoni la lita 20 lilikuwa mchango wa kweli, na aliyetoka mbali nalo kichwani aliheshimiwa kuliko aliyepata alama 80 kwa mia. Tuliosha madarasa, tukaosha vyoo, tukapanga makoro, mawe hayo ya volkeno, kando ya njia. Wale wa Latini na Filozofia, waliotudharau sisi wa Biolojia na Kemia mwaka mzima, siku hiyo walishika fagio kama sisi. Nakumbuka jambo hilo kwa furaha ambayo pengine si ya Kikristu.

Halafu kulikuwa na vikundi vya Kanisa. Nani kati yetu hakupita katika kimojawapo? Kiro na nyimbo zake za kupiga makofi, Xaveri, JEC, Lejio ya Maria, kwaya. Xaveri ilianzia kwa jirani zetu wa Bukavu mwaka 1952, kwa mkono wa Padri Georges Defour wa Wamisionari wa Afrika, na kila kizazi cha vijana wa Kivu kimeivaa skafu yake. Katika vikundi hivyo mtoto wa mfanyabiashara na mtoto wa msukuma chukudu, baiskeli ya mbao, walipewa zamu moja ya kupika. Anayejua kupika maharagi ya watu 60 kwa kuni mbichi anajua kitu ambacho wengi wa viongozi wetu hawakijui.

Hayo yote yalijaribiwa, na ninyi wa rika langu mnajua lini. Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo ilipasuka ubavuni, na mto wa moto ukaukata mji katikati hadi ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea. Maduka, nyumba, sehemu ya uwanja wa ndege, vyote vikafunikwa. Watu kwa mamia ya maelfu walivuka mpaka usiku ule kwenda Gisenyi, wengine wakaelekea Sake. Baada ya siku chache tu wengi wetu tulikuwa tumekwisha kurudi, tukitembea juu ya mawe ambayo bado yalichoma soli za viatu, kila familia ikipima kwa macho mahali ambapo kiwanja chake kilikuwa.

Masomo yalipoanza tena, mwalimu wetu wa darasa aliita majina yote ya daftari la mahudhurio. Hakuita wenye deni, aliita wote, na kila jina lililokosa jibu aliuliza: nani anajua yuko wapi? Tulitoka pale tukiwa na kazi. Wawili kwenda Majengo, watatu kwenda Ndosho, mmoja ambaye shangazi yake alikuwa Gisenyi kwenda ng'ambo. Ndani ya mwezi mmoja karibu darasa zima lilikuwa limekusanyika, wengine wakiwa na shati la mtu mwingine, kwa sababu bluu na nyeupe zao zilikuwa zimebaki chini ya mawe. Mwalimu yule nyumba yake nayo ilikuwa imeungua. Hakutuambia. Tuliambiwa na mtoto wake mwishoni mwa mwaka.

Mwaka 2021 mlio vijana kati yenu mlipata yenu. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, mlima uliwaka tena, na lava ikasimama Buhene, kaskazini kabisa mwa mji, karibu na uwanja wa ndege. Tukashukuru. Kisha ardhi ikaendelea kutetemeka mchana na usiku, na asubuhi ya tarehe 27 gavana wa kijeshi akaamuru mitaa kumi ihamwe. Mtaa wa Mapendo ulikuwamo. Nimeongea na waliokuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakati ule: walibeba madaftari yao kwenda Sake, Minova na Rutshuru, wakasomea chini ya mabaraza ya watu wasiowajua, na wenye maelezo kamili ya Kemia waliyapiga picha kwa simu wakawatumia waliokimbia mikono mitupu. Hakuna mtu aliyewaagiza kufanya hivyo. Walikuwa wamelelewa hivyo, na waliowalea ni sisi pia, tuliowatangulia katika benchi zile zile.

Nasema haya kwa sababu nasikia neno linazunguka kwamba vita vimevunja jumuiya. Vita vimevunja mengi. Lakini mtoto anayekaa nyumbani leo kwa deni la minervali hakutolewa na risasi. Alikosa mtu wa kuuliza: nani anajua yuko wapi?

Sasa niguse jambo lisilopendeza. Mwezi wa Juni, tarehe 15, mtoto wa mji huu alitangazwa mwenye heri mjini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Floribert Bwana Chui bin Kositi alizaliwa hapa Goma mwaka 1981. Alifanya kazi katika ofisi ya Serikali inayokagua bidhaa, na mpakani alikataa kupokea fedha ili apitishe chakula kilichoharibika. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Jioni zake alikuwa na kina maibobo, watoto wa barabarani, pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio. Papa Fransisko, ambaye tulimngoja Goma asiweze kufika, alimtaja mbele ya vijana katika uwanja wa mpira Kinshasa tarehe 2 Februari 2023. Siku ile aliwahesabia vijana vidole vya mkono: sala, jumuiya, unyofu, msamaha, huduma. Wengi wetu tulipiga makofi mbele ya televisheni.

Makofi ni rahisi. Kuna wanachama wa umoja huu, na wenyewe wanajijua, ambao kila Juni hupiga simu shuleni kumwombea mpwa wao alama tatu au nne. Kuna wanaochanga fedha za kuwalainisha wasimamizi wa mtihani wa Serikali, wakiita mchango huo msaada kwa wadogo wetu. Nao watoto wanajifunza kwamba mshikamano ni kupitishiana majibu chini ya benchi. Hapana. Kalamu tuliyopeana wakati wa imla ilimwezesha kila mmoja aandike imla yake mwenyewe. Floribert alikataa chakula kibovu kwa sababu kuna watu wangekila. Diploma ya kununuliwa nayo kuna watakaoila: mgonjwa atakayechomwa sindano na muuguzi aliyenunua Biolojia, wapitaji wa daraja litakalojengwa na aliyenunua hesabu. Mkitaka kumsaidia mpwa, mtafuteni Novemba, akiwa bado ana muda wa kusoma. Mwezi wa Juni mwacheni na mtihani wake.

Na jambo la pili lisilopendeza ni kundi letu la WhatsApp. Tangu Januari limekuwa mahali pa kutukanana. Sitaandika hapa nani ana haki katika vita hivi. Kila mmoja wetu ana wafu wake, na baadhi ya wanachama wanaishi mahali ambapo neno moja linaweza kumponza mtu na familia yake. Lakini nimesoma ndani ya kundi hilo watu waliokula maharagi sufuria moja wakiambiana «ninyi» na «sisi», wakihesabiana majina ya ukoo, wakiulizana babu alitoka kilima gani. Watu watano wamejitoa kimyakimya. Ninawafahamu wote, na mmoja wao ndiye aliyenikimbilia na bidoni siku niliyoanguka kwenye makoro nikavunjika mkono.

Mwenzetu wa Masisi na mwenzetu wa Rutshuru, wa Lubero na wa Idjwi, mwenye jina la Kihutu, la Kitutsi, la Kihunde, la Kinande, la Kishi, wote waliitwa katika daftari moja. Mkitaka kujadili siasa, vijiwe viko vingi. Kamati imeamua kwamba atakayemtukana mwenzake kwa ajili ya kabila ataondolewa kundini, hata akiwa mchangaji wetu mkubwa. Hasa akiwa mchangaji wetu mkubwa, kwa maana mtoto wa Mapendo asilipiwe minervali kwa fedha za mtu anayemchukia jirani yake. Na wale watano nimekwisha kuwapigia. Wawili wamekubali kurudi. Watatu wanangoja kuona.

Basi, tufanyeje? Nimewasikia wanaosema tuunde mfuko mkubwa wenye makao, mhuri na mwenyekiti. Tuliwahi kuunda. Mhuri upo hadi leo. Safari hii kamati inapendekeza kitu kidogo: kila promosyoni, yaani waliomaliza mwaka mmoja, ichukue mtoto mmoja na kumfikisha mwisho wa mwaka. Promosyoni yenye watu wengi au wenye nafasi ichukue wawili au watatu. Fedha itumwe kwa simu moja kwa moja kwa ekonome, mtunza fedha wa shule, kwa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money, na ekonome atoe risiti kwa kila dola. Haitapita mikononi mwa kamati. Nasema hivyo bila kuona haya, maana najua mnavyotuwazia, na hata mimi ningewaza hivyo.

Majina ya watoto watakaolipiwa yatabaki kwa ekonome na kwa mwalimu wa darasa. Ninyi mtajua kwamba mnamlipia mtoto wa darasa la saba, au msichana wa mwaka wa tatu wa Pedagojia. Basi. Hamtajua jina lake, hamtamwona, wala hatutapiga picha.

Hapo najua nitapata ubishi, kwa hiyo nikae kidogo. Mji wetu umepigwa picha mno. Tangu mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika hapa na kipindupindu kikawaua kwa maelfu, kamera za dunia hazijatoka Goma kwa muda mrefu. Watoto wetu wamezoea kupanga mstari, kupokea daftari, kushika daftari juu ya kifua na kucheka wanapoambiwa wacheke. Sisi wenyewe tumeiga. Mwaka juzi kikundi kimoja cha wanafunzi wa zamani, si cha shule yetu, kiliwapa wasichana 12 vifurushi vya sabuni na pedi, kikawapiga picha wameshika vifurushi, na picha ikazunguka mji mzima. Wasichana wawili hawakutaka tena kwenda shule. Walikuwa wamekwisha kulipiwa, wana sabuni, wana kila kitu, ila hawakuwa na uso wa kupita nao mlangoni. Mtoto aliyeitwa mbele ya bendera kwa ajili ya deni na mtoto aliyeitwa mbele ya kamera kwa ajili ya msaada wote wawili wameambiwa kitu kimoja mbele ya wenzao. Anayetaka picha ya mchango wake na aipige risiti.

Kwa wale wasio na fedha, na mwaka huu ni wengi, nawaomba msinyamaze kwa aibu. Fundi wa mbao kati yetu anaweza kuja Jumamosi mbili kukaza benchi zinazocheza. Wauguzi wetu wanaweza kuongea na wasichana bila mwanaume kuwapo. Wenye vitabu vya zamani vya hesabu na Kifaransa, viacheni vitoke kabatini. Walimu wastaafu na wanafunzi wa chuo kikuu, watoto wa mwaka wa mwisho wanahitaji mtu wa kuwasikiliza wakieleza fizikia kwa sauti, saa mbili tu za Jumamosi. Na kuna kazi moja isiyotaka fedha wala elimu, nayo ndiyo ninayoithamini kuliko zote: kwenda nyumbani kwa mtoto aliyeacha. Kila mtaa una mmoja wetu. Mwalimu wa darasa atatupa majina ya waliokosekana tangu Februari, na wa Himbi wataenda Himbi, wa Katindo Katindo, wa Mugunga Mugunga. Mkifika, salimieni wazazi kwanza, kaeni mkikaribishwa, msiongee juu ya deni mbele ya watoto wadogo. Ulizeni kama mtoto yupo, kama yu mzima, kama anapenda kurudi. Wengine mtakuta wameolewa. Wengine wamechukuliwa kubeba mizigo kwenye barabara ya mpaka, na wengine, tuseme wazi, wamechukuliwa na wenye silaha. Leteni habari hizo kama zilivyo. Tukiwa nazo tutaweza kwenda kwa padri wa parokia na kwa mashirika ya mtaani, ambayo yanajua milango tusiyoijua sisi.

Mlio Ulaya na Amerika, ninajua mnavyochoka. Kila simu ya Goma inayolia kwenu usiku ni mtu anaomba. Hatutaki mwongeze mzigo juu ya ule mnaobebea familia zenu. Kama mnaweza kuingia katika promosyoni yenu kwa kiasi kidogo cha kila mwezi, ingieni. Kiasi kikubwa cha mara moja kinachofuatwa na ukimya hakimfikishi mtoto Juni. Na kama hamwezi mwaka huu, andikeni tu «siwezi», hatutauliza kwa nini.

Masista na mapadri waliotufundisha, wale walio hai, wameombwa watuombee, nao wamekubali. Mmoja, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, aliuliza kwanza kama tumekwisha kupata orodha ya waliokosekana. Nilipomwambia bado, alinitazama namna ile mnayoijua. Orodha nimeipata siku tatu baadaye.

Kikao ni Jumapili ya mwisho ya Agosti, baada ya Misa ya pili, katika darasa la mwisho upande wa jikoni. Kila promosyoni ilete mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema ndiyo, pamoja na namba ya simu itakayotuma fedha. Orodha itakuwa mezani, bila majina, darasa na mtaa tu. Aliye mbali atume jibu kabla ya siku hiyo. Kitenge tutakijadili mwezi wa Desemba, ikiwa wakati huo benchi zote zina watu.

Wenu katika Kristu,

Katibu, kwa niaba ya kamati